Tumaini Si Switi ya Chenji

Mnajua ile kitu ya dukani. Umenunua mkate, umetoa noti, unangojea salio. Mwenye duka anafungua droo, anapekuapekua, halafu anakwambia, "Sina chenji, chukua switi." Unachukua. Utafanya nini?

Sasa hivyo ndivyo tunavyopewa Mungu siku hizi. Kijana anauliza kazi ziko wapi, anaambiwa Mungu yupo. Anauliza karo atatoa wapi, anaambiwa wakati wa Mungu ndio bora. Mama anaenda hospitali anakosa dawa, anaambiwa tumwombee. Kila mtu anaondoka na switi mdomoni na deni lake liko palepale.

Kabla hamjaanza kusema nimepotea, mimi ni Mkristo. Jumapili utanipata kanisani, na si kwa sababu mathee amenilazimisha. Nimemhitaji Mungu hii miaka miwili kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Ndiyo maana nakasirika. Mtu akikupa jiwe na kukwambia ni mkate, mwenye njaa ndiye hukasirika zaidi.

Natoka Sugoi. Nikisema hivyo mbele ya watu wa Nairobi wanacheka: "Si kwenu ni kwa rais? Si nyinyi mko sawa!" Ndiyo, ni kwao rais, na ile hadithi ya kuuza kuku kando ya barabara Kenya nzima inaijua. Lakini Sugoi ina watu wengine wengi ambao hawana hadithi kwenye kampeni. Wanalima mahindi na kukamua ng'ombe. Wanangoja mbolea, halafu wanangoja mvua, halafu wanangoja bei, na bei ikifika mara nyingi imefika na wanunuzi wa njiani ambao wanajua una mtoto wa shule na huwezi kungoja. Jina kubwa la kijiji halilipi karo. Yangu ilinishinda mwaka wa pili. Nikarudi nyumbani na begi moja na simu, nikaanza kutengeneza video. Hiyo ndiyo CV yangu yote.

Nilivyorudi, watu wa kanisa walikuja na maneno yao. Nataka niyachukue moja moja, kwa sababu najua na wewe umeambiwa.

La kwanza: "Mungu ana mpango na wewe, Yeremia 29:11." Huu mstari uko kwenye stato za watu, kwenye matatu, kwenye vikombe. Sasa mimi nikawa na muda mwingi, sina darasa, nikasoma sura nzima. Na nikarudi nyuma nikasoma sura ya 28. Jameni, someni sura ya 28.

Watu wamechukuliwa mateka wamepelekwa Babeli. Anatokea nabii anaitwa Hanania, anasimama hekaluni mbele ya watu na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, mateka watarudi, vyombo vya hekalu vitarudi. Unaweza kufikiria vile watu walishangilia. Huyo Hanania angekuwepo leo angekuwa na kipindi cha televisheni na bango kubwa pale karibu na kituo cha matatu: huu ni mwaka wako, kabla ya Desemba utaendesha gari. Yeremia akamwambia peupe kwamba Mungu hajamtuma, na kwamba anawafanya watu hawa waamini uongo.

Halafu Yeremia ndiye anawaandikia mateka barua, na hiyo barua ndiyo sura ya 29. Inaanza na nini? Jengeni nyumba. Pandeni bustani. Oeni, zaeni. Utafuteni usalama wa mji mliomo. Na inasema itachukua miaka 70. Hiyo ndiyo barua yenye ule mstari wa kikombe. Si ahadi kwamba wiki ijayo utapata visa. Anaambiwa mtu ambaye huenda hataona mwisho wa shida kwamba maisha yake bado yana maana, ashike jembe leo.

Hilo lilinipa nguvu kuliko unabii wote wa Desemba. Kwa sababu Desemba zimepita kadhaa sasa. Anayekupa tarehe anakuumiza mara mbili, siku ya kwanza anapokudanganya na siku ile tarehe inafika na wewe unaanza kufikiri tatizo ni imani yako ndogo.

La pili: "Vumilia tu." Mhubiri akitaka kukuambia uvumilie atakutolea Paulo na Sila. Walikuwa gerezani Filipi, wamepigwa, miguu imefungwa, na usiku wa manane wakaimba. Mahubiri huishia hapo, tetemeko, milango ikafunguka, amina, toa sadaka.

Lakini Matendo 16 haiishii hapo. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu waseme, waacheni hao waende. Kimya kimya, bila kelele. Unajua Paulo alisema nini? Alikataa kutoka. Alisema wametupiga hadharani bila kesi, na sisi ni raia wa Roma, halafu sasa wanataka kututoa kwa siri? Hapana, waje wenyewe watutoe. Na wakaja. Wakaomba radhi.

Mtu yuleyule aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Kwake havikugongana. Kuimba ndiko kulimzuia asivunjike usiku, ili asubuhi awe na mgongo wa kusimama. Mwenye kukuhubiria nusu ya usiku na kuficha nusu ya asubuhi anajua anachofanya.

La tatu ndilo linaniudhi kabisa: "Panda mbegu." Wewe huna kitu, unaambiwa hiyo elfu moja ya mwisho itume kwenye namba hii ya paybill, Mungu ataizidisha mara mia. Nina maboi wa rika langu ambao hawaendi kanisani, kila Jumamosi wanaweka mkeka, shilingi hamsini irudi elfu thelathini. Mchungaji anawahubiria hao kwamba kamari ni dhambi. Niambie tofauti iko wapi. Weka kidogo, ngoja kikubwa, usiulize maswali, na ukikosa jaribu tena. Mwenye kampuni ya mkeka angalau hasemi kwamba umekosa kwa sababu ya dhambi za babu yako.

Na hii biashara ya kutouliza maswali tunajua inaishia wapi ikiachwa iende mpaka mwisho. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula mpaka wamwone Yesu. Watoto walikuwemo. Sisemi kila mhubiri ni huyo. Nasema kila mahali ambapo kuuliza swali kunaitwa kukosa imani, mlango wa kwenda huko uko wazi.

Sasa, upande wa pili. Kuna nyinyi wa rika langu ambao mkiona haya yote mnasema basi, tuachane na dini kabisa, ni ya wakoloni, ni ya kulaza watu. Nawaelewa. Juni 2024 tulipokuwa tunakataa Mswada wa Fedha, ikafika mahali watu wakasema na makanisa pia yakaliwe, kwa sababu wanasiasa walikuwa wanapewa madhabahu kila Jumapili na mifuko yao ya michango. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia bungeni, wengine wakapigwa risasi barabarani, kesho yake rais akasema hatatia sahihi mswada. Na Jumapili iliyofuata kuna makanisa ambayo hayakutaja jina la hata mmoja aliyekufa. Ukiwa ulikuwa na rafiki huko, huwezi kusahau.

Lakini nataka niwaulize. Mnajua kanisa gani? Kwa sababu mimi sikulazimika kwenda mbali kutafuta lingine. Lilikuwa hapa hapa Eldoret, na hakuna mtu aliyenifundisha shuleni.

Kulikuwa na askofu wa Anglikana wa Eldoret anaitwa Alexander Muge. Miaka ya themanini, wakati wa Moi, wakati watu walikuwa wanaogopa hata kunong'ona, yeye alisimama kwenye mimbari akasema juu ya ardhi inayonyakuliwa, akapinga kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea kila mtu akuone. Mwaka 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, akasema hadharani kwamba Muge akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge akaenda Busia. Akahubiri. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi, gari lake likagongana na lori pale Kipkaren, akafa. Ni barabara hii hii yetu, ukitoka Eldoret kwenda Malaba, ukishapita Turbo. Mimi nimepita hapo mara nyingi kwa matatu nikisikiliza muziki na sikuwa najua.

Muge hakuwa na jeshi wala pesa. Alikuwa na imani ileile mnayosema ni ya kulaza watu. Mbona haikumlaza?

Halafu kuna Askofu Cornelius Korir, wa Katoliki. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki kitu. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya watu 1,100 baada ya ule uchaguzi. Huku kwetu hiyo ni habari ambayo watu wazima hubadilisha mada ukiitaja.

Siku hizo hizo, Korir alifungua lango la Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu pale mjini. Watu kama elfu kumi wakaingia uani. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, na yeye alikuwa Mkalenjin. Fikiria simu alizopigiwa. Fikiria vile watu wa kwake walivyomwangalia. Aliwapa mahali pa kulala, na baadaye akaenda vijijini kukaa na wazee wa pande zote, kikao baada ya kikao, wakianza na mambo madogo tu: soko la pamoja, barabara ya pamoja, shule ambayo watoto wa pande zote watasoma. Hiyo kazi aliiandika katika kitabu kinaitwa Amani Mashinani, 2009. Alifariki Oktoba 2017.

Angeweza kuandika taarifa kwamba tunaombea amani, akafunga lango. Wengi walifanya hivyo. Angekuwa ametoa switi.

Hata juzi tu. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilisema pesa ambazo rais alikuwa ametoa kanisa la Soweto zirudishwe. Kanisa la mtaa, ambalo lilikuwa linajenga nyumba ya padri, likaambiwa na jimbo lake liseme asante, hapana. Na mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alisema wanasiasa hawatapanda tena kwenye mimbari zao. Sisemi makanisa haya ni malaika. Nasema inawezekana.

Kwa hivyo nikisikia mtu anasema imani ni ya wanyonge, namwambia ndiyo, ni yetu sisi wanyonge, na ndiyo maana hatutaki kuwaachia wenye nguvu waitumie.

Sasa nirudi kwa wewe ambaye hujali siasa wala maaskofu. Wewe uko kwa kitanda saa nane za usiku, simu iko asilimia nne, na unajiuliza kama kuna sababu ya kuamka kesho. Nakujua, kwa sababu miezi ile ya kwanza nimetoka chuo nililala hapo hapo. Wenzangu walikuwa wanaposti picha za kampasi. Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe wawili na kukwepa majirani ili wasiniulize shule inafungua lini.

Nikupe Eliya. 1 Wafalme 19. Huyu ni nabii ambaye alikuwa ametoka tu kuteremsha moto mlimani, na siku chache baadaye amekaa chini ya mti jangwani anamwambia Mungu amtoe uhai, amechoka. Angekuwa kanisa fulani fulani angeitwa mbele atolewe pepo la mauti. Malaika alifanya nini? Alimpa mkate uliookwa na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula. Hakuna mahubiri. Hakuna aliyemwambia "wewe mbona huna imani." Chakula na usingizi kwanza, kwa sababu safari ni ndefu. Mazungumzo ya maana na Mungu yalikuja baadaye kabisa, na hata hapo Mungu alimruhusu alalamike mara mbili kwa maneno yaleyale.

Huyo ndiye Mungu ninayemwamini. Hashtuki ukimwambia umechoka. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaisha gizani, hakuna mstari wa ushindi mwishoni, na bado iko ndani ya Biblia. Mtu aliiimba hekaluni. Kama Biblia ina nafasi ya wimbo huo, kanisa lako linakosaje nafasi ya kijana anayelia?

Na nimekutana na hao malaika wa mkate, wanatembea kwa miguu. Kwetu kuna kikundi cha vijana, Alhamisi jioni, kanisa la mabati. Si watu wa maana. Kuna wa boda, kuna fundi wa nywele, kuna wawili wanaongoja barua ya chuo, kuna mimi. Tunachanga shilingi hamsini kila wiki. Ukiwa huna, unakuja tu. Mama wa mmoja wetu alipolazwa mjini, tuligawana zamu za kukaa naye na kupeleka uji, na pesa ya kikundi ikalipa nauli. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima tu, hakuniambia chochote kuhusu mpango wa Mungu. Alileta debe la mahindi nyumbani, akakaa na buda wakanywa chai, na akitoka akaniambia kuna mtu anatafuta wa kumpigia picha za harusi, kama naweza kutumia simu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa.

Muujiza? Mimi nauita hivyo. Sikurudi chuo. Karo bado sina. Lakini siku ile niliamka na mahali pa kwenda.

Nguvu ya kiroho ninayoijua ni hiyo. Haiondoi shida, inakupa watu, inakupa lugha ya kulalamika, na inakupa mgongo. Ukiwa na hivyo vitatu unaweza kungoja miaka mingi bila kuoza. Ukiwa na ahadi ya Desemba peke yake, Januari inakukuta sakafuni.

Basi nisiongee sana, niseme ninachotaka.

Kama wewe ni mchungaji au kiongozi wa vijana na umesoma mpaka hapa: kijana akikuletea shida, kabla hujasema tuombe, muulize amekula. Kisha omba naye, omba sana, hatujakataa maombi. Akisema hataki kuishi, omba naye na umsindikize kwa mtu aliyesomea hayo mambo. Rufaa ya Moi pale mjini ina idara ya afya ya akili. Kwenda huko si kukosa imani, hata Luka aliyeandika Injili alikuwa daktari. Na mwanasiasa akija na bahasha, muulize mbele ya watu zahanati ya kijiji ina dawa gani. Akikasirika na kuondoka na bahasha yake, mtakula mahindi ya kuchoma kama sisi wengine.

Kama wewe ni wa rika langu na umeacha kanisa kwa hasira: hasira yako ni ya haki, usiiombe msamaha. Lakini usimwachie Mungu wako mtu aliyekuudhi. Tafuta watu wanne au watano, haijalishi paa ni ya mabati au mko chini ya mti, msome sura nzima badala ya mstari mmoja, mchange hamsini, mjue nani hajala wiki hii. Hilo ni kanisa. Lilianza hivyo hivyo kwenye nyumba za watu.

Na kama wewe ni yule wa saa nane za usiku: kula kitu. Lala. Kesho mpigie mtu mmoja umwambie ukweli, usimwambie "niko poa." Mungu hayuko kwa mwisho wa shida akikungoja na zawadi. Yuko hapo kwa kitanda. Na mara nyingi akija, anakuja na sura ya jirani ameshika debe.

Halafu ukishapata nguvu, rudi pale dukani. Waambie switi hutaki, na usitoke mpaka wakupe chenji yako.